Kijito kinachoingia Ruaha Mdogo: tupimeje afya yake?

Mwl_Kilimani – 11 Agosti, saa 2:40 usiku

Wanajukwaa, salaam. Ninafundisha Biolojia katika shule ya sekondari ya kijijini mkoani Iringa, na nyuma ya shule yetu kinapita kijito ambacho, baada ya kilomita kadhaa, kinamwaga maji yake katika Mto Ruaha Mdogo. Wazee wa hapa wanasimulia kwamba zamani watoto waliokota kaa chini ya mawe pale pale panapovukwa kwenda mashambani. Mimi nina miaka 6 hapa na sijamwona hata kaa mmoja upande huo, ingawa huko juu karibu na msitu bado wapo. Maji yenyewe ukiyatazama hayana kasoro: ni maangavu, hayanuki, na wakati huu wa kiangazi mchanga wa chini unaonekana wote.

Klabu yetu ya mazingira ilipata kisanduku kidogo cha kupimia maji, vile vya vidonge na kadi ya rangi, na Jumamosi iliyopita tulipima katika vituo vitatu. Kituo tunachokiita Juu kiko ukingoni mwa msitu. Katikati ni chini ya barabara na mahali pa kufulia. Chini ni baada ya vinyungu, yaani bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi. Oksijeni ilikuwa miligramu 7.2 kwa lita kule Juu, ambako maji yalikuwa na nyuzi joto 18, ikawa 7.0 Katikati na 6.9 kule Chini, ambako joto lilifika nyuzi 21. Kipimo cha pH, yaani cha uasidi wa maji, hakikutoka nje ya 7.0 na 7.4 popote. Naitreti ilionekana kidogo sana kule Chini, na kwingine haikuonekana kabisa.

Kwa vipimo hivi wanafunzi wangu wameandika katika daftari kwamba kijito ni kizima kuanzia juu hadi chini. Mimi nasita kuweka sahihi, kwa sababu ya wale kaa. Naomba mnisaidie: je, vipimo hivi vinatosha kuhukumu afya ya kijito? Kama havitoshi, ni kipi kingine tunachoweza kufanya bila maabara? Na wazazi wawili wameshaniuliza kama sasa wanaweza kuyanywa maji hayo bila kuyachemsha.

Fundi_Maji_Mstaafu – 11 Agosti, saa 4:05 usiku

Mwalimu, hongera kwa kazi hiyo. Nilipima maji katika Nyanda za Juu Kusini kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu, sehemu kubwa nikiwa Mbeya, kwa hiyo nitasema machache ninayoyajua.

Kwanza, andikeni vizuri mahali mlipochota. Kwetu kuna mito miwili yenye jina la Songwe, mmoja unaingia Ziwa Rukwa na mwingine, ule wa mpakani na Malawi, unaingia Ziwa Nyasa, na sikumbuki ni mara ngapi vijana waliniletea chupa iliyoandikwa Songwe tu, nami nikabaki kuigeuza geuza mkononi. Chupa isiyo na mahali, tarehe na saa ni maji tu.

Pili, oksijeni yenu inanitia wasiwasi. Katika nyuzi joto 20 maji safi hubeba miligramu 9 za oksijeni kwa lita, nanyi hata kule msituni mmepata 7.2. Ama kisanduku chenu kimepitwa na wakati, ama kuna kitu kinaozea juu ya kituo chenu cha kwanza. Ningeshauri mchukue sampuli mpeleke maabara ya ubora wa maji hapo Iringa mjini.

Tatu, mmesahau kupima wingi wa maji. Kijito kinaweza kuwa na maji mazuri kabisa na bado kikawa kinakufa, kwa sababu maji yenyewe yanakwisha. Ruaha Mkuu ulianza kukauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kila kiangazi tangu 1993, na miezi hiyo Ruaha Mdogo, ambao kijito chenu kinauchangia, unakuwa na thamani kubwa zaidi kwa walio chini yake. Njia ya chungwa inatosha. Tafuteni sehemu iliyonyooka ya mita 10, tupieni chungwa katikati ya mkondo na mhesabu sekunde mpaka livuke kamba ya pili. Rudieni mara tano, mpate wastani. Pimeni upana, kisha vina katika sehemu nne au tano kutoka ukingo hadi ukingo. Kama upana ni mita 2.4, kina cha wastani mita 0.18, na chungwa limetumia sekunde 25, basi kasi ya juu ni mita 0.4 kwa sekunde. Izidisheni kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayokwaruzana na mawe, halafu zidisheni kwa upana na kina: mtapata karibu lita 147 kwa sekunde. Fanyeni hivyo katika vituo vyote vitatu siku hiyo hiyo, nanyi mtajua ni kiasi gani kinachepushwa njiani.

Kuhusu kunywa: wachemshe.

Binti_Rungwe – 12 Agosti, saa 1:15 asubuhi

Mzee wangu, shikamoo. Njia ya chungwa umeieleza vizuri kuliko nilivyofundishwa chuoni, lakini kwenye oksijeni naomba nitofautiane nawe kwa heshima.

Miligramu 9 katika nyuzi 20 ni hesabu ya usawa wa bahari. Iringa iko juu, kama mita 1,600, na huko hewa ni nyepesi, hivyo oksijeni inayosukumwa kuingia majini ni pungufu. Kwa mwinuko huo maji yaliyoshiba oksijeni katika nyuzi 18 hubeba takriban miligramu 7.8 kwa lita, na katika nyuzi 21 takriban 7.3. Maana yake, Mwalimu, kituo chako cha Juu kina zaidi ya asilimia 90 ya kiasi ambacho maji yake yangeweza kubeba, na cha Chini vivyo hivyo; ukizingatia joto, hicho cha Chini hakijapungukiwa na chochote. Kisanduku chako kinasema kweli. Tatizo ni kwamba ukweli huo ni wa saa uliyopima tu. Mlipima saa ngapi? Kama ilikuwa karibu na mchana, mwani uliopo kwenye mawe ulikuwa ukitengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua. Rudini alfajiri, kabla jua halijagusa maji, kwani wakati huo ndipo oksijeni huwa chini kuliko saa zote, na kijito chenye uchafu mwingi unaooza hakiwezi kujificha.

Lakini hata hapo mtakuwa mmepima maji yanayopita, na maji yaliyopita juzi, siku mtu alipomwaga kitu, yako kwenye bwawa la Mtera sasa. Wanaojua yaliyotokea juzi ni wale waliokuwamo mtoni juzi. Wewe mwenyewe umeanza na kaa, nami nadhani ulianza pazuri: fuateni wanyama wadogo wanaoishi chini ya mawe.

Tanzania ina mfumo wake wa kufanya hivyo, unaoitwa TARISS, uliotengenezwa kutokana na ule wa Afrika Kusini uitwao SASS. Kila familia ya wanyama hao hupewa alama kulingana na uvumilivu wake kwa uchafu, kisha unatafutwa wastani. TARISS unahitaji mtu aliyefundishwa kutambua familia nyingi. Kwa wanafunzi, tumieni miniSASS, mdogo wake, wenye makundi 13 tu. Asiyevumilia uchafu hata kidogo ana alama 17, na anayestahimili karibu kila kitu ana alama 2.

Kwa kazi yenyewe mnahitaji wavu wenye fremu ya sentimita 30 kwa 30 na matundu ya karibu milimita 1. Kipande cha chandarua kilichochakaa kinafaa, ila tafadhali mwelezeni mwenyekiti wa kijiji mapema, maana mtu akiona chandarua mtoni atadhani mnavua samaki, na hapo mtaeleza mambo mengine badala ya Biolojia. Mmoja asimame akitazama juu ya mkondo huku wavu ukiwa nyuma ya miguu yake, asugue na kugeuza mawe kwa miguu ili vilivyojishika vipelekwe wavuni. Baada ya mawe, pitisheni wavu kwenye majani ya ukingoni, halafu kwenye mchanga. Dakika 5 kwa jumla zinatosha kwa kituo. Mwageni yaliyomo katika sinia jeupe lenye maji kidogo.

Hapo msiharakishe. Sinia likimwagwa huonekana kama takataka tupu, na wanafunzi watataka kulimwaga. Liacheni litulie dakika mbili, nanyi mtaona kijiti kinatembea. Huyo ni trikoptera, mdudu anayejijengea nyumba ya chembe za mchanga au vipande vya majani na kuivaa kama koti. Ana alama 9. Atakayekuwa bapa, mwenye mikia miwili na manyoya kama sufi kwapani mwa miguu, ni plekoptera, mwenye alama 17. Mkimweka katika maji machache yasiyotembea ataanza kupandisha na kushusha mwili wake kama askari anayepiga pushapu, kwa kuwa anatafuta oksijeni. Wenye mikia mitatu, kwa kawaida, na vijani vya matamvua vinavyopepea ubavuni ni efemeroptera. Wale wembamba wanaoogelea kama samaki wadogo hupewa 5. Wengine wote wa kundi hilo 11. Kwa kuwa baadhi yao wana mikia miwili, msihesabu mikia peke yake. Tazameni ukucha: efemeroptera ana mmoja kila mguu, plekoptera ana miwili. Kaa ana 6, lava wa kereng'ende 6, kunguni na mbawakawa wa maji 5, konokono 4, minyoo bapa 3, na ruba, minyoo ya kawaida na lava wa nzi na mbu wana 2 kila kundi.

Mambo mawili huwachanganya watu. Vile vidude vyekundu vinavyojinyonganyonga matopeni si minyoo, ni lava wa visubi wasiouma. Wekundu wao ni hemoglobini, kama ya damu yetu, nayo ndiyo inayowawezesha kuishi penye oksijeni kidogo. Na kwetu Rungwe tukiwaona lava wa wale inzi weusi wanaoeneza ugonjwa wa usubi, watu hudhani mto umechafuka. La, hao hupenda maji ya kasi yenye hewa nyingi. Ni wabaya kwetu, si kwa mto.

Vaeni gambuti, na mnaposhika konokono kumbukeni kichocho. Jibu la wazazi ni lile la Mzee: wanyama hawa hawatuambii chochote kuhusu vijidudu vya kuhara. Kijito chaweza kuwa na plekoptera wengi na bado ng'ombe amejisaidia mita 20 juu yake.

Mkulima_wa_Vinyungu – 12 Agosti, saa 3:30 usiku

Kamwene Mwalimu. Mimi si msomi wa mambo haya, lakini nimesoma yote niliyoyakuta hapa kwa sababu kinyungu changu kiko kando ya kijito kama hicho, na neno "baada ya vinyungu" limenifanya nisilale.

Nawaomba mfikiri kabla ya kuandika ripoti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuudhuru mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wake, na kila mara kikipatikana kipimo kibaya, wa kwanza kufukuzwa ni mwenye kinyungu, wakati mikaratusi iliyopandwa hadi kwenye chemchemi inaachwa inywe. Babu zetu walilima vinyungu kiangazi, wakavuna mahindi mabichi na maharage miezi ambayo ghala lilikuwa tupu, na kaa walikuwapo. Kwa hiyo si kinyungu kilichowaua.

Ila nitasema jambo moja ambalo huenda halitanifurahisha mimi mwenyewe. Babu hakulima nyanya. Sisi tunalima nyanya, na nyanya bila dawa haifiki sokoni. Tunapulizia kila wiki, wakati mwingine mara mbili, na jioni kila mtu anasuuzia bomba lake kijitoni kwa kuwa ndipo maji yalipo. Maji yanabadilika yakawa meupe kama maziwa kwa muda wa kuvuta sigara moja, halafu yanakuwa maangavu tena. Ukija kesho yake na kisanduku chako, utakuta nini?

Mwl_Kilimani – 25 Agosti, saa 1:50 usiku

Nawashukuru wote. Mkulima, nimelichukua onyo lako kwa uzito. Majina ya mashamba hayamo katika daftari letu na hayatakuwamo.

Tumerudi mtoni mara mbili. Wingi wa maji unaongezeka kidogo kutoka Juu hadi Katikati, kisha unapungua kwa karibu theluthi moja kufika Chini, jambo linaloeleweka kwa sababu ya mifereji. Alfajiri, saa 12 kasoro robo, oksijeni kule Chini ilikuwa miligramu 7.0 katika nyuzi 17. Kisha tukatumia wavu.

Juu tulipata plekoptera (watatu, na yule mdudu akapiga pushapu kweli mbele ya darasa zima), efemeroptera wa aina zote mbili, trikoptera, kaa, lava wa kereng'ende na lava wa nzi. Jumla ni alama 56 kwa makundi 7, wastani 8.0. Katikati hakukuwa na plekoptera, lakini wengine wote walikuwapo, na konokono akaongezeka: alama 43 kwa makundi 7, wastani 6.1. Chini tulipata konokono wengi mno, minyoo, ruba, minyoo bapa, na vile vidude vyekundu vichache: alama 13 kwa makundi 5, wastani 2.6. Hakuna efemeroptera hata mmoja. Hakuna kaa.

Wanafunzi waliokuwa wameandika kwamba kijito ni kizima wameomba ruhusa ya kufuta. Nimewaambia wasifute, wapige mstari mmoja na waandike tarehe pembeni. Sasa, je, tunaweza kusema ni dawa?

Binti_Rungwe – 25 Agosti, saa 3:20 usiku

Bado, Mwalimu, ingawa mko karibu.

Kwanza tuondoe kisichowezekana. Miligramu 7.0 katika nyuzi 17 kwa mwinuko wenu ni kama asilimia 88, na hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote. Kijito kinachosongwa na kinyesi au mabaki yanayooza kisingefikisha hapo alfajiri. Mahali pa kufulia na barabara vimechangia, wastani umeshuka kutoka 8.0 hadi 6.1 na plekoptera wamekwenda, lakini jamii iliyobaki Katikati ni jamii ya kijito kinachoishi. Maporomoko yenyewe yako kati ya Katikati na Chini.

Ila niambie: kule Chini wavu uliuweka wapi? Kama ulikuwa kwenye tope, umelinganisha nyumba mbili tofauti. Matuta ya vinyungu yakichimbwa, udongo huteremka na kuziba nafasi chini ya mawe ambamo efemeroptera na kaa hujificha, na penye tope tupu hata kijito kisichoonja dawa kitakuwa na minyoo na konokono wengi. Tafuteni mawe kule Chini, hata kama ni machache, mkasugue hayo.

Ninachokiangalia ni nani aliyebaki. Dawa nyingi za kuua wadudu hupiga mishipa ya fahamu ya wadudu, na kaa na jamaa zake ni ndugu wa karibu wa wadudu, hivyo hufa pamoja nao kwa kiasi kidogo sana cha dawa. Konokono, ruba na minyoo huvumilia zaidi. Uchafu wa kuoza hufanya tofauti: huo hujaza lava wekundu kwa maelfu, nanyi mmepata wachache. Kama ingekuwa mrututu, ile dawa ya shaba ya kuzuia ukungu, peke yake, ningetarajia konokono wawe wa kwanza kutoweka, kwa kuwa shaba huwadhuru sana; enzi fulani watu waliitumia makusudi kuwaua konokono wa kichocho.

Fundi_Maji_Mstaafu – 26 Agosti, saa 12:30 asubuhi

Binti, marahaba, na asante kwa kunisahihisha kuhusu oksijeni. Miaka yote hiyo niliisoma kwenye jedwali la ukutani ambalo, nadhani, liliandikwa na mtu wa pwani.

Naongeza kimoja tu. Joto limepanda nyuzi 3 kutoka Juu hadi Chini kwa umbali mfupi. Hapo kuna kingo zisizo na kivuli. Na maji yaliyopungua theluthi moja hupata joto haraka na huichanganya dawa katika maji machache zaidi, kwa hiyo bomba lile lile likisuuzwa Machi na likisuuzwa Septemba halileti madhara sawa. Siku mtakapokuwa na kumbukumbu za miezi kadhaa, zipelekeni Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, maana makao yao makuu yako hapo hapo Iringa. Kipimo cha dawa yenyewe majini kinahitaji maabara kubwa na fedha, na ukichota siku isiyo ya kupulizia hutaipata. Nimewahi kurudi mikono mitupu kwa namna hiyo.

Mwl_Kilimani – 2 Septemba, saa 2:05 usiku

Tumeyapata mawe. Mita 200 chini ya vinyungu kuna daraja la miti, na chini yake mkondo ni wa kasi na mawe ni safi, hayajazibwa. Tulisugua kwa dakika zile zile 5. Wapo efemeroptera wale wembamba wanne, wote wadogo mno, lava wa inzi wa usubi, konokono, minyoo na ruba. Alama 15 kwa makundi 5, wastani 3.0. Mawe mazuri, maji yenye hewa, na bado hakuna trikoptera wala kaa.

Binti_Rungwe – 2 Septemba, saa 2:50 usiku

Basi tope halitoshi kueleza. Na hao wanne wadogo ni habari njema kuliko unavyodhani: efemeroptera wale huteremshwa na mkondo usiku kutoka juu, kwa hiyo inaelekea hao wametoka Katikati na kufika karibuni, na hawajapata nafasi ya kukua. Mlango bado uko wazi. Kinachowazuia kukua kinarudi kila baada ya siku chache.

Ningeacha kutafuta ushahidi wa dawa majini, nikafanya jaribio. Wakulima wakubali kwa wiki saba kutosuuza bomba mtoni. Bomba lisuuzwe mara tatu pembeni na maji ya suuzo yapuliziwe juu ya nyanya zile zile zilizopigwa dawa, ambako hayapotezi chochote. Mengine yote yaendelee kama kawaida. Kisha pimeni tena kwenye mawe ya daraja, na siku hiyo hiyo pimeni Juu na Katikati, kwa sababu idadi ya wadudu hubadilika na majira, na bila hivyo hamtajua kama ni suuzo au ni mwezi tu. Fanyeni kabla ya mvua. Mafuriko ya kwanza yakipita yatawasomba wote, wazuri na wabaya, nanyi mtapima mvua.

Mkulima_wa_Vinyungu – 3 Septemba, saa 11:40 jioni

Hilo la suuzo linawezekana, na halinidai niondoke mita 60. Shida yake ni maji: mtu aliyechoka jioni hatabeba ndoo kupanda nayo tutani ilhali kijito kiko miguuni pake. Wekeni chombo cha maji juu, mbali na ukingo, kijazwe asubuhi na vijana wanaomwagilia. Kikiwapo, watu watakitumia. Kisipokuwapo, wataitikia ndiyo mkutanoni na watasuuza pale pale.

Mwl_Kilimani – 9 Septemba, saa 3:15 usiku

Nilikaa jana na wenye vinyungu 11, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Tisa wamekubali, wawili wamesema wataona kwanza. Tumepata mapipa mawili ya lita 200, yamewekwa juu ya mfereji wa pili, na mzee mmoja ameomba liandikwe kwa rangi nyekundu kwamba maji hayo si ya kunywa, jambo ambalo sisi wenye madaftari hatukulifikiria. Wavu tutaurudisha Jumamosi ya mwisho ya Oktoba: Juu, Katikati, na kwenye mawe ya daraja la miti. Nitaleta hesabu hapa, ziwe nzuri au mbaya.